Kona Isiyonuka

Wenzake walimwita Manukato, na utani huo alikua nao. Alizaliwa nyuma ya mabwawa ya majitaka, akaenda shule akinuka, akarudi ukubwani kuyasimamia. Mji mzima ulilalamikia harufu ile, kana kwamba uchafu wenyewe ulidondoka kutoka mbinguni. Nyani haoni kundule.

Basi ulipoletwa mtambo mpya, matangi ya chuma yaliyofunikwa, yote yakienea kwenye kiwanja cha nyumba mbili tu, Manukato alifanya kazi kufa na kupona. Mabwawa yakakaushwa, na tope la mwisho likazolewa kwa malori. Asubuhi ya kwanza alipofungua dirisha pasinuke kitu, alimwambia mama yake, "Mama, vuta pumzi. Hii zawadi yako."

Mama akavuta. "Asante, baba," akasema.

Mama alikuwa haoni, maradhi yalimpofusha zamani. Lakini habari ya kushikwa mkono hakutaka hata kuisikia. Kila asubuhi, Manukato akiwa kazini, alichukua fimbo yake akaenda peke yake mtaa wa pili, kumchana nywele mdogo wake aliyepooza na kupiga naye soga. Ukimsifu, atakujibu, "Mungu hakupi kilema akakunyima mwendo."

Asubuhi hiyohiyo muuza mkaa alimrudisha nyumbani. Alimkuta barabara kuu, amekaa ukingoni, magari yanapita mbele ya magoti yake, kiatu kimoja hana.

"Lakini mama, njia si ileile?" Manukato aliuliza jioni, akimwosha mguu.

"Ileile. Ila mimi nilikuwa natembea na pua. Harufu ikinipiga usoni, nakata kushoto. Ikihamia kisogoni, nimefika kwa mdogo wangu. Leo nimeingoja, nimeingoja, nikapitiliza."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Mji mzima umeziba pua, mimi niseme iachwe? Na wewe ulivyokuwa na furaha?"

Manukato akalia palepale, mtu mzima na ndevu zake, maji ya beseni yakipoa.

Kesho yake aliomba kuchelewa kazini. Alichota ndoo ya tope mtamboni, akaitua penye kona ya kukatia kushoto, akamsindikiza mama hadi kwenye ukuta wa njia na kumwacha aende. Jirani akachungulia dirishani. "Ee Manukato, tumepumua jana tu, leo umeturudishia?"

Mama alitembea, fimbo ikigonga ukuta. Kwenye kona akanusa, akatabasamu, akakata kushoto. Hatua chache mbele harufu ikampotea, maana ndoo ni ndoo, haiwezi kuwa bwawa. Akasimama katikati ya njia, uso ukigeuka huku na huku, mpaka mwanawe akashindwa kuvumilia, akamkimbilia.

"Kaimwage, baba," mama akasema. "Waache watu wapumue."

Akaibana fimbo kwapani, akanyoosha mkono. Miaka yote hiyo hakuwahi kuunyoosha. Manukato akaushika, wakaenda polepole hadi mlangoni kwa mama mdogo, ambaye alizisikia nyayo, akaanza kuwaita kutoka kitandani, akicheka.

Mama hakuingia. "Kesho una zamu ya asubuhi?"

"Ndiyo, mama. Ya asubuhi siku zote."

"Basi ingia wewe, umwambie asiningoje tena asubuhi. Mimi sitaweza kumwambia."