Nyoka Kwenye Boriti ya Babu

Asikiaye la mkuu ndiye huvunjika guu. Anayebisha akamwulize Zamaswazi Zungu, aliyebaki kwa magoti mchana kweupe ndani ya nyumba kubwa ya msonge, nyoka akiwa juu ya kichwa chake, kwa sababu tu mkuu alikuwa amesema, "Nyamaza. Usisogee. Huyo ni babu yako."

Nyoka alikuwa amejilaza kwenye boriti ya nyuma, juu ya ile sehemu ambayo wanawake hawaikanyagi hivi hivi, panapowekwa nyama na pombe ya waliotangulia. Alikuwa wa kijani, kijani cha jani changa lililotoka kunyeshewa. Na alikuwa ametulia tuli.

Hakuna aliyeshangaa kumwona. Jumamosi ukoo mzima ulikuwa umechinja ng'ombe wa kumrudisha nyumbani mzee Bhekithemba, aliyefariki mwaka jana. Roho yake ilikuwa imetangatanga nje vya kutosha. Na eneo zima la Hlabisa linajua kwamba mzee akisharudishwa, haachi kuja: nyoka mwembamba wa kijani, inyandezulu, asiyemuuma mtu, huingia taratibu akalala pale nyuma kama mwenye nyumba. Walikuwa wakimngoja. Baba mkubwa Mphikeleli, mkuu mpya wa boma, alimngoja kuliko wote, maana majirani walishaanza kunong'ona kuwa ng'ombe alikuwa amekonda mno, mzee amekataa.

Zamaswazi alikuwa bondeni akigeuza mawe. Mwalimu wao wa biolojia, Bi Khuzwayo, hakutaka likizo ya kiangazi ipite bure: kila mwanafunzi atafute viumbe hai vya kwao, avipige picha, avipange katika makundi yake. Ndipo dada yake Nonkosi alipotokea juu ya kilima, mwanawe Lwandile mgongoni, akipiga kelele.

"Zama! Acha wadudu wako, babu kaja! Na simu hiyo iache huko huko, Baba mkubwa atakumeza nayo!"

Akapanda kilima mbio, moyo ukimdunda kwa furaha. Nyoka mpole, ndani ya nyumba, aliyetulia! Hata bila picha angemtazama vizuri, amkariri, akaandike. Alijipenyeza upande wa wanawake, akapiga magoti, akainua macho.

Bi Khuzwayo alipenda kuwaambia: "Kiumbe hakijitaji jina. Kiulize." Swali moja, majibu mawili, jibu linakupeleka kwenye swali jingine, mpaka ubaki na jina moja tu mkononi. Zamaswazi akaanza kuuliza kimoyomoyo, kama anayecheza.

Ana madoa meusi shingoni? Hana hata moja. Magamba yake ni laini, yanateleza na kung'aa, au kila gamba lina mstari ulioinuka katikati? Alikaza macho. Mistari ilikuwepo. Ngozi ilionekana kavu, ya kukwaruza. Kichwa ni kirefu, chembamba? Hapana. Kilikuwa kifupi, butu, kama yai. Na macho, mama yangu, macho yalikuwa makubwa kuliko kichwa kilivyostahili.

Furaha ikamkauka kinywani.

Akaanza upya, akiomba awe amekosea mahali. Madoa, magamba, kichwa, macho. Njia ikamfikisha pale pale: nyoka wa mitini, yule ambaye sumu yake haina haraka. Humwacha mtu acheke, ale chakula chake cha jioni, alale. Kesho yake fizi zinaanza kutoka damu, kisha pua, kisha haikomi.

"Baba mkubwa," alinong'ona.

"Nini?"

"Huyu siye."

"Siye nani?"

"Siye inyandezulu. Mtazame macho. Mtazame magamba. Huyu ni wa mitini, ana sumu."

Mphikeleli hakugeuka. "Mwalimu wako alimjua baba yangu?"

"Hapana, lakini..."

"Aliwahi kula naye sahani moja?"

Wanawake wakacheka chinichini. Bibi yao, Gogo MaMkhize, mjane wa mzee, akajifuta machozi ya furaha kwa ncha ya shuka. "Mwacheni mtoto. Hata mume wangu alikuwa na macho makubwa hivyo hivyo. Ndiyo yaliyoniponza mimi."

Kicheko kikazidi. Zamaswazi alitaka kucheka nao, ajidanganye kidogo. Alishindwa.

Mphikeleli akawasha majani makavu ya kufukizia kwenye kigae. Moshi ukapanda moja kwa moja kwenye boriti. "Manzini!" akaita majina ya sifa ya ukoo kwa sauti ya heshima. "Gwabini! Karibu kwako. Umechelewa, lakini nyumba ni yako. Yupo kitukuu wako hapa ambaye hukuwahi kumwona." Akanyoosha mkono bila kugeuka. "Nonkosi, mlete mtoto. Mlaze hapa chini yake, amjue."

Nonkosi akasimama. Zamaswazi akamdaka sketi.

"Usimpeleke."

"Niache, Zama."

"Dada, nakusihi. Atauawa."

"Na nikikataa nitakwenda kulala wapi?" Nonkosi alimnong'oneza kwa hasira, midomo haitikisiki. Alikuwa amezalia nyumbani bila mume, na paa lile lilikuwa la Mphikeleli. "Wewe una shule yako. Mimi nina nini?"

Akajinasua, akapita. Akamlaza Lwandile chali kwenye mkeka, chini ya boriti, karibu na sinia la mti lenye nyama. Mtoto akatikisa miguu yake minene, akaukodolea macho moshi.

Juu, nyoka akasogea.

Hakusogea kama mwenye nyumba. Kichwa kilipinda kikiukwepa moshi, huku na huku, na ulimi ukatoka. Moshi ulikuwa umejaa paa zima. Mlango ulikuwa umejaa watu. Zamaswazi aliona alichokuwa akikiona nyoka: hapakuwa na pa kutokea isipokuwa chini. Kisha shingo ikaanza kuvimba. Ikavimba taratibu kama mpira wa baiskeli unaojazwa upepo, magamba yakaachana, ngozi nyeusi ikaonekana katikati yake.

"Anafurahi!" Mphikeleli alisema, sauti ikimkatika kwa machozi. "Mnaona? Baba alikuwa akivimba shingo hivi hivi akitaka kucheka!"

"Kweli kabisa," Gogo akaitikia. "Hivi hivi."

Zamaswazi aliogopa. Alimwogopa nyoka, aliuogopa mkono wa Baba mkubwa, na chini ya hofu zote hizo ilikuwepo nyingine: je, kama ni babu kweli? Babu aliyemchongea vijiko vya mti, aliyemwita "bibi mdogo"? Nani alimwambia Bi Khuzwayo kuwa wafu hawachagui magamba?

Nyoka akaning'inia nusu. Mtoto akacheka, akainua mkono.

Hakukumbuka baadaye alivyosimama. Alikumbuka kumburuta Lwandile kwa mguu mmoja, kilio chake, na kitu cha kijani kikianguka, mdomo wazi, kwenye mkeka pale pale mtoto alipokuwa amelala. Akalikamata sinia la mti, nyama ikamwagika, akalishusha juu ya kile kijani na kulilalia kwa kifua na uzito wake wote. Chini ya mbao, maisha yalipigapiga. Yalipiga muda mrefu mno. Alilia kwa sauti, lakini hakuinuka.

Hatimaye kikatulia.

Mphikeleli ndiye aliyeliinua sinia. Zamaswazi alimsihi amfungue nyoka mdomo tu, aone meno ya sumu yalivyokaa nyuma; inyandezulu hana. Hakumsikiliza. Alimfunika nyoka kwa blanketi la marehemu, akambeba kama mtoto mchanga, akaenda kumzika zizini kama wanavyozikwa wakuu wa boma, mabega yakimtikisika.

Jua lilipoanza kupoa wakamwita uani. Wazee walikuwa wamekaa, mbuzi mweupe amefungwa kwenye kigingi.

"Aliumwa nani?" Mphikeleli akauliza. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nionyeshe aliyeumwa."

"Hakuna."

"Aliumwa mtoto?"

"Hapana, Baba mkubwa. Nilimwahi."

"Ulimwahi nini, kama hakuumwa mtu? Umemuua baba yangu siku aliyorudi nyumbani kwake. Tutachinja mbuzi huyu. Wewe utapiga magoti mlangoni pa zizi, umwombe radhi, asije akatumaliza."

Gogo alikuwa amegeuzia uso ukutani. Nonkosi alikuwa amemkumbatia Lwandile kwa nguvu mpaka mtoto akanung'unika, na alifungua kinywa bila kumtazama mdogo wake.

"Omba tu, Zama. Neno moja. Yaishe."

Zamaswazi alilitazama lango la zizi, udongo mbichi ukionekana kwa ndani.

"Hapana."

"Ni babu yako!" Mphikeleli akafoka.

"Kama alikuwa babu, na alimshukia mtoto vile, basi yeye ndiye wa kuomba radhi. Mimi siombi."