Kigoda cha Nyamoita

Katika kilima chote cha Manga hapakuwa na mwanamke aliyejua kupalilia wimbi kumshinda Nyamoita, na yeye mwenyewe hakulificha jambo hilo. Wimbi likiwa changa huota pamoja na gugu lililovaa nguo zilezile: jani lilelile, kijani kilekile, kusimama kulekule. Ukikosea ukang'oa wimbi ukaacha gugu, shamba litakua vizuri tu, litakupendeza macho, na siku ya kuvuna utasimama na kisu chako katikati ya majani matupu.

Nyamoita ndiye aliyewafundisha wake wa pande zile kuvitofautisha viwili hivyo. Walimjia wakiwa mabibi harusi wenye vidole laini, akawainamisha shambani mpaka wakajua. "Tazama chini," aliwaambia. "Shina la gugu ni bapa, tena jeupe pale linapoingia udongoni, kama unyayo wa mtu ambaye hajawahi kushika jembe."

Mwaka ule wa elfu moja mia tisa sabini na moja, macho yake yalikuwa yameanza kumtoroka. Kwanza aliona kama moshi wa jikoni umemfuata nje. Kisha moshi ukakataa kuondoka. Watu akawatambua kwa sauti na kwa mwendo, na njia akaijua kwa miguu. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na maisha yake yote yalikuwa katika egesangio?

Egesangio ndilo jina la kikundi chao cha kazi. Asubuhi walijipanga mstari mmoja, leo katika shamba la huyu, kesho la yule. Alasiri walikaa uani kwa mwenye shamba wakasuka ekee, vile vikapu vya mabua ya wimbi ambavyo ugali huandaliwa ndani yake. Hapo ndipo mbegu zilipobadilishwa, majivu ya kuzuia wadudu yakagawanywa, na habari za ndoa za watu zikapekuliwa mpaka mshono wa mwisho. Kwa kusuka, Nyamoita hakuwa na wasiwasi, vidole vyake vilijua njia. Lakini mwanamke aliyeshindwa na mstari wa asubuhi hakuhesabiwa tena. Aliachwa uani na watoto wachanga na chungu cha uji. Nyamoita mwenyewe, enzi za nguvu zake, ndiye aliyetunga wimbo wa kuwasuta waliobaki nyuma, na wenzake walikuwa bado wakiuimba:

Aliyesalia nyuma, mleteeni kigoda,
apikie wana uji, na jembe limemshinda.

Aliyeigundua siri yake alikuwa mgeni. Benter alitoka upande wa ziwa. Mumewe, Otiende, alikuwa karani wa kupima kahawa, nao walipanga nyumba karibu na mzani. Eucabeth, kiongozi wa kikundi, mwanamke mwenye sauti ya kengele ya kanisa, alimpa Benter kipande cha shamba cha kulima mboga, kisha akamwingiza katika mstari. "Kaa karibu na Nyamoita," alisema. "Wimbi letu usilijue kwa kubahatisha."

Basi mwanafunzi akakaa karibu na mwalimu, na kabla ya mwezi kwisha aliona mkono wa mwalimu ukipapasa mashina kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Akawa anapalilia upande wake, na akipita anang'oa magugu yaliyoachwa upande wa Nyamoita. Mara nyingine alinong'ona kwa Kigusii chake cha kuchechemea, "Hapana, mama. Hilo liache." Nyamoita aliliacha. Jambo lile hawakulizungumza hata siku moja.

Ikafika zamu ya shamba la Mokeira. Huyu alikuwa mke wa Nehemiah, mjukuu ambaye Nyamoita alimlea tangu alipoachwa na mama yake. Kwa desturi yao bibi hutaniana na mjukuu kama mke na mume, kwa hiyo Nyamoita na Mokeira waliitana wake wenza, na ulimi baina yao haukuwa na breki.

"Mke mwenza, umechelewa," Mokeira alimwita alipomwona akipanda mteremko. "Ulilala umekumbatia nini?"

"Nilimkumbatia mume wetu ndotoni. Alilia akaniambia ugali wako una mabonge."

"Amekudanganya. Kwangu hulamba mpaka ekee."

"Ni kwa sababu hajashiba. Mimi nilimbeba mgongoni huyo kabla wewe hujajua kufunga leso."

Wanawake walicheka. Lakini kila mmoja alijua kwamba shamba lile lilikuwa na kesi. Nehemiah alifanya kazi katika mashamba ya chai ya Kericho, na Krismasi alikuja na maneno mapya: kila mtu anapanda pareto, maua ya kuuza, yeye anapanda nini? Wimbi, chakula cha mabibi? Mokeira alimsihi amwachie msimu mmoja. Nehemiah akakubali kwa shingo upande. Wimbi likijaza ghala, libaki. Lisipojaza, linang'olewa. Mokeira alibeba samadi kwa kichwa tangu Januari, na sehemu ya juu ya shamba aliilisha mpaka udongo ukawa mweusi kama kahawa iliyochemshwa.

Sehemu hiyo ya juu wakapewa Nyamoita na Benter, kwa kuwa mke mwenza hakutaka mkono mwingine uiguse.

Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilikuwa imenyesha. Matope yalishika vidoleni, na Nyamoita hakuweza kusikia kama shina ni bapa au la mviringo. Alikwenda polepole, akisaidiwa na minong'ono ya pembeni. Kisha Margret, mtoto mchanga wa Benter, akalia kule kivulini alikolazwa.

"Ninaenda kumnyonyesha," Benter alisema. "Nisubiri, mama. Pumzika kidogo."

Nyamoita alipumzika. Akasikia majembe ya wenzake yakisogea mbele. Halafu sauti moja upande wa chini ikaanzisha wimbo kwa mzaha, wengine wakaupokea: aliyesalia nyuma, mleteeni kigoda. Hawakumkusudia yeye. Nani angethubutu? Walimsuta Benter aliyekwenda kunyonyesha. Lakini wimbo ulimchoma Nyamoita kama siafu aliyeingia ndani ya nguo. Akainama. Mikono ambayo imefanya kazi hii maisha mazima, alijiambia, itahitajije macho? Akang'oa. Mwili ukapata moto wa ujana, na kila kilichonyonyoka kilimpa furaha. Alimaliza upande wake, akaingia wa Benter, akaumaliza pia.

Benter aliporudi na mtoto mgongoni, alikuta sehemu yote ya juu imesafishwa. Alisimama akitazama. Matope yalikuwa yamepaka kila kitu rangi moja.

"Uliyatazama chini, mama?"

"Niliyatazama kabla hujazaliwa," Nyamoita alijibu, na wanawake wakapiga vigelegele kumsifu.

Wimbi linapotoa masuke hukunja vidole kama ngumi ya mtoto. Gugu hutoa vijiti vyembamba, vimetawanyika, havina kitu. Siku masuke yalipochomoza, Mokeira alipiga yowe lililopandisha watu kutoka bondeni. Sehemu ya chini ya shamba ilikuwa na ngumi. Sehemu ya juu, ile iliyolishwa samadi, ilijaa vijiti vinavyopepea.

Egesangio walikusanyika pale pale pembeni mwa shamba. Hakuna aliyemtazama Nyamoita. Ingekuwa sawa na kumshuku samaki kwamba amezama. Macho yote yalimwendea Benter.

"Wewe ulikuwa huku juu," Eucabeth alisema.

Benter alimgeukia Nyamoita. Nyamoita hakuiona sura yake. Aliona kivuli kirefu na mzigo mdogo mgongoni. Lakini alijua kwamba anatazamwa, tena anasubiriwa. Neno lilimjia mpaka kwenye meno. Nyuma ya neno hilo aliona ua, chungu cha uji, watoto wa watu wakimkojolea mapajani, na kigoda. Akafunga mdomo.

"Ni mimi," Benter alisema. "Sikujua kutofautisha."

"Watu wa ziwa mngebaki na samaki wenu," Mokeira alisema. "Umeniua. Sikukukosea chochote, nawe umeniua mchana kweupe."

Kanuni yao ilikuwa moja na ya zamani. Aliyeng'oa wimbi la mwenzake, jembe lake lilitoka katika mstari mpaka msimu mwingine, na shamba lake halikuguswa na mkono wa mtu. Benter alilipokea jembe lake, akashuka. Mboga zake zikamezwa na magugu. Alasiri, walipokaa kusuka, nafasi yake mkekani ilijazwa na magoti ya wengine.

Nehemiah alikuja Agosti. Alifungua ghala, akachungulia, akafunga. Hakugombana na mtu. Kesho yake alianza kugeuza udongo, na miche ya pareto ikapandwa juu mpaka chini. Mokeira alimfuata nyuma akiishindilia miche kwa kisigino.

Kabla mwaka haujaisha Otiende alihamishiwa upande wa kwao. Jioni moja Benter alipita nyumbani kwa Nyamoita, mizigo yao ikiwa imekwisha kufungwa. Hakukubali kuingia. Walisimama mlangoni, mtoto akicheza na ushanga wa shingoni mwa mwanamke mzee.

"Mbona ulisema ni wewe?" Nyamoita aliuliza hatimaye.

"Mimi ni mtu wa kupanga, mama. Leo niko hapa, kesho niko kwingine. Wewe ungekwenda wapi?"

Kwa Nyamoita asante ilikuwa neno dogo, na neno kubwa hakuwa nalo. Alipofumbua kinywa, nyayo zilikuwa zinashuka njiani, na mtoto analilia ule ushanga. Angalau angeuvua ampe. Hilo nalo alilikumbuka baadaye, na likamkaa kifuani kuliko yote.

Msimu mpya ulipofika walianzia shambani kwa Eucabeth. Nyamoita alishika nafasi yake ya juu. Pembeni yake alikuwapo bibi harusi mgeni, aliyeolewa juzi.

"Wewe usiogope," Eucabeth alimwambia yule bibi harusi. "Tulikuwa na mmoja wa ziwani hapo aliyemmaliza Mokeira. Jifunze kwa Nyamoita, yasikupate ya yule."

Nyamoita alisimama wima. Jembe lilimwanguka.

"Si Benter," alisema. "Ni mimi niliyeling'oa."

Mmoja akacheka.

"Una huruma, Magokoro," Eucabeth alisema, akimwita bibi kwa upole kama anayembembeleza mgonjwa. "Lakini usijibebeshe mzigo wa mtu aliyeondoka."

"Sioni."

"Nani aonaye vizuri kwa jua hili?"

"Eucabeth, nakuambia sioni. Nyuso zenu sizioni tangu mwaka jana."

Hawakusadiki. Alikuwa amelijenga jina lake imara mno, na sasa hata yeye mwenyewe alishindwa kulibomoa. Waliguna, wakatikisa vichwa, mmoja akasema uzee humpa mtu moyo wa malaika. Mokeira peke yake alikuwa ameinama aking'oa. Alipoinuka alikuja akasimama mbele ya Nyamoita, akamwekea miche miwili kiganjani, yenye udongo wake.

"Nipe wimbi," alisema.

Nyamoita alipapasa. Alisugua shina la kwanza, akasugua la pili. Aliinua mkono mpaka karibu na pua, akaugeuzia jua. Angeweza kukisia. Angeweza kupatia pia, na kila mtu angerudi kazini akicheka, naye angebaki na nafasi yake. Aliogopa kupatia kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote duniani.

Akamkabidhi mmoja.

Mokeira aliutazama. Akauonyesha wenzake, mmoja mmoja. Shina bapa, jeupe chini.

Hakuna aliyelia wala kutukana. Eucabeth alikaa chini palepale udongoni kwa uzito wake wote. "Nilimfukuza," alisema. "Kwa kinywa changu hiki." Walikubaliana kumpelekea Benter neno kwa wanawake wauza samaki waliopanda kutoka ziwani kuja sokoni. Neno lilipelekwa, likapelekwa tena. Wauza samaki walisema hawajui huyo Otiende amejenga wapi, maana Otiende ni wengi kama mawe.

Lakini asubuhi ile, kabla ya hayo, Mokeira aliliokota jembe la Nyamoita, akalifuta matope kwa majani. Nyamoita alingoja matusi. Aliyatamani. Alitaka aitwe mke mwenza mchawi, kikongwe mwizi wa ghala, neno lolote lenye makali ambalo mtu humrushia aliye wake.

"Twende, Magokoro," Mokeira alisema kwa adabu. "Shika mkono wangu. Hapa pana shimo."

Alimwongoza mpaka uani. Alimletea kigoda, akamkalisha, akamwekea mabua ya wimbi mapajani, yale ya mwisho kutoka shamba lililokuwa lake. Kisha akamlaza mtoto wa mtu karibu na mguu wake, akarudi kazini.

Kule mlimani mstari ulianza kusogea. Nyamoita aliyasikia majembe, akayatambua moja moja: la Eucabeth zito, la Mokeira la haraka, la yule bibi harusi linalositasita. Alisubiri wauanzishe wimbo wake. Hawakuimba. Walipalilia kimya mpaka jua likawa utosini, naye akasuka, vidole vikienda vyenyewe.