Gari Lisilofika Buffalo

Jumamosi, tarehe 14 Novemba 2015. Louisville iliamka na barafu nyembamba juu ya vioo vya magari, anga safi bila wingu, na baridi kavu ya kuuma pua. Jikoni mwa apatimenti moja katika mtaa wa Newburg, Gaudiosi aliegemeza simu kwenye kikombe, akafungua spika ili mkewe Florida naye asikie, akavua kofia.

Ilikuwa saa ya laini ya maombi. Kila Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, watu waliokuwa majirani katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, kule Kasulu, Tanzania, na ambao sasa wametawanyika Louisville, Columbus na Buffalo, walipiga namba moja na kuomba pamoja. Siku hiyo walikuwa ishirini na watatu. Mzee Pantaleo wa Buffalo ndiye aliyeongoza, kwa sauti yake ya kukwaruza.

Walipomaliza kuombea wagonjwa, Mama Kornelia akaomba nafasi. Alikuwa akiishi Lackawanna, kando ya Buffalo, kwa binti yake Marita, na sasa alizungumza na wanawe wawili wa kiume mbele ya watu wote.

"Wanangu, huku upepo wa ziwa umeshaanza kunitafuta mifupa. Daktari anasema magoti yangu hayapatani na baridi hii. Krismasi isinikute hapa. Ndege sipandi tena, ile iliyonileta Amerika ilinitosha. Basi nitakwenda kwa yule atakayekuja kunichukua kwa gari."

Watu wakacheka. Gaudiosi hakucheka. Yeye ndiye kifungua mimba, na kwa miaka saba alikuwa akimwomba Mungu mama yake alale chini ya paa lake. Chumba kilikuwa tayari. Alikuwa amenunua hata blanketi zito la rangi ya zambarau, kwa sababu Mama aliipenda zambarau.

"Bwana asifiwe, Mama," ikasema sauti ya Leopoldi, mdogo wake, kutoka Columbus. "Ushuhuda wangu ni mfupi. Jana nimepata gari. Viti saba. Lina joto mpaka kwenye makalio."

Amina zikamiminika kama mvua kwenye bati. Halafu Mama akasema, taratibu, "Leopoldi wangu. Nilijua."

Neno hilo lilimwingia Gaudiosi kama mwiba chini ya ukucha. Nilijua. Alilisikia mara ya kwanza kule kambini, mwaka ambao baba yao alipata baiskeli. Gaudiosi alikuwa mkubwa, alibeba kuni, alibeba maji, alimbeba hata Leopoldi mwenyewe. Lakini baiskeli alipewa Leopoldi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akisoma, na shule ilikuwa mbali. Siku Leopoldi alipofaulu mtihani, Mama alisema neno lilelile. Gaudiosi alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na mmoja, katika darasa la jioni, hapa Louisville, na hakuna aliyewahi kujua mapema kwamba ataweza.

Sasa, kwenye laini ile palikuwa na desturi ya kushukuru kwa imani. Mtu aliyeomba kazi alishukuru kabla hajaitwa. Aliyeomba mtoto alishukuru kabla hajapata mimba. Na neno likishasemwa halikurudishwa, maana anayelirudisha huonekana amemwambia Mungu uongo. Gaudiosi aliijua desturi hiyo vizuri. Tena ni kweli kwamba kwa miezi miwili alikuwa akitafuta gari: gari dogo la umeme, lililotumika, lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, la bei ambayo mpakiaji wa mizigo ghalani angeiweza. Alilitaka kwa mambo madogo tu. Basi la jiji lilikuwa likimkosesha darasa, na Florida alikuwa akisimama kituoni alfajiri, miguu ikifa ganzi, akienda kazini kwenye nyumba ya wazee.

Lakini ulimi hauna mfupa.

"Na mimi namshukuru Mungu kwa gari," akasema. "La umeme. Halinywi petroli hata tone. Kwa imani, Jumamosi ijayo gari hilo litakuwa mlangoni kwa Marita, kumchukua Mama."

Amina zikaitika, na Mama akasema, "La umeme? Basi naanza kufunga sanduku."

Laini ilipokatika, Florida aliacha kukoroga uji. "Baba Irakoze. Gari gani?"

"La imani."

"Na hiyo imani ina bima?"

Gaudiosi alikuwa akifikiria sura ya Leopoldi siku atakayosikia kwamba Mama amekwenda Louisville, na fikra hiyo ilimpa joto kuliko uji.

Saa nne wakapitiwa na Bwana Subodh, mzee wa Kihindi kutoka Pune, karani mstaafu wa benki, aliyeketi karibu na Gaudiosi katika darasa la jioni. Alikuwa akiendesha gari la binti yake. Shemeji yake kule Pune alikuwa na gari dogo la umeme, la kwenda ofisini na sokoni, na Subodh ndiye aliyemsaidia kulichagua. Jambo hilo alilieleza darasani kila walipofundishwa wakati uliopita. Yeye na Gaudiosi walizungumza Kiingereza chao cha kujifunza, polepole, kila mmoja akimsubiri mwenzake avuke.

"Kwanza," akasema Subodh wakiwa njiani kwenda kutazama magari, "kwa siku unakwenda wapi na wapi?"

Gaudiosi akahesabu: nyumbani hadi ghalani Okolona, ghalani hadi kazini kwa mkewe, darasani, Jumapili kanisani. Siku ndefu kuliko zote haikuzidi maili thelathini.

"Pili, utalichomeka wapi?"

"Nyuma ya dirisha letu kuna soketi ya nje. Meneja amekubali, ameandika kwenye karatasi. Nitamlipa umeme kila mwezi."

"Vizuri. Tatu ni betri. Rangi ni ya mwisho kabisa. Shemeji yangu alitaka kuanza na rangi, nikamkatalia. Gari la kila siku huchaguliwa kwa siku ya kawaida, si kwa siku ya harusi."

Kwenye uwanja wa magari huko Okolona walikuta magari mawili ya umeme ya aina moja. La kwanza lilikuwa la buluu, linang'aa, magurudumu kama sahani mpya. La pili lilikuwa jeupe, limekwaruzwa ubavu mzima, na kiti cha nyuma kilikuwa na doa la kitu ambacho Florida alikinusa akasema ni maziwa. Gaudiosi hakulitazama jeupe mara mbili. Alisimama mbele ya la buluu, akalipiga picha. Kidole kilikuwa tayari juu ya jina la Leopoldi.

Subodh aliingia ndani, akawasha, akamwita. Pembeni ya mita kulikuwa na vistari vidogo vilivyopangwa kama ngazi.

"Likiwa jipya vilikuwa kumi na viwili. Hivi ndivyo uzima wa betri. Hesabu."

"Vinane."

"Sasa hesabu kwenye jeupe."

Vilikuwa kumi na kimoja.

"Hili la buluu ni bwana harusi mwenye pumu," akasema Subodh, na Florida, aliyefasiriwa baadaye kidogo, alicheka mpaka akajishika kiuno.

Muuzaji akafika, kijana mpole mwenye glavu. Gaudiosi akamuuliza lile jeupe huenda mbali kiasi gani.

"Maili sabini siku ya joto. Siku ya baridi kama leo, ukiwasha hita, hamsini."

"Na Buffalo?"

Muuzaji alimtazama kuona kama anatania. Subodh hakuhitaji kumtazama. Alitoa kalamu, akaandika nyuma ya daftari la darasa, akamgeuzia. Kwenda tu, bila kurudi, maili zaidi ya mia tano, kungekuwa na vituo kumi na zaidi vya kuchaji, kila kimoja cha saa nyingi, kama vingepatikana.

"Hata Columbus halifiki, rafiki yangu. Hili si gari la Columbus."

Gaudiosi alihisi masikio yakiwaka moto katika baridi ile. Mama alikuwa anafunga sanduku. Watu ishirini na watatu walikuwa wamesikia. Na miongoni mwao mmoja angecheka kuliko wote, akiwa ameketi juu ya kiti chenye joto.

Hapo ndipo alipoliona jingine, jeusi, refu, la petroli, limeegeshwa peke yake karibu na ofisi. Alifungua mlango akaingia. Alihesabu viti, akarudia kuhesabu. Vilikuwa vinane. Leopoldi alikuwa na saba.

"Hili linafika Buffalo," akasema.

Florida akaja akasimama mlangoni. Alikuwa ameshamuuliza muuzaji kuhusu mkopo, kwa vidole na maneno machache, na jibu alilielewa. "Kulilipia hili itabidi ufanye ovataimu kila jioni. Darasa utaliacha."

"Darasa litanisubiri."

"Lilikusubiri miaka arobaini na mmoja, Baba Irakoze. Utalisubirisha tena kwa sababu ya kiti kimoja?"

Akamwomba afunge mlango amwache kidogo. Peke yake ndani ya gari lile, Gaudiosi aliinamisha kichwa kwenye usukani, akaomba, kama alivyozoea kuomba kabla ya kila jambo. Alianza kwa Mama: magoti yake, safari yake, sanduku lake. Lakini kila alipotaja Mama, maombi yaliteleza. Alijikuta anaomba gari la Leopoldi lisiwake kwenye baridi. Alijirudi, akaanza upya, akajikuta anaomba Mama alione la Leopoldi dogo. Mara ya tatu hakusema neno. Alikaa tu, akijiaibikia mbele za Mungu, kwa maana alitambua kwamba tangu alfajiri hakuwa ameomba gari. Alikuwa ameomba mdogo wake ashindwe.

Wivu haukuondoka. Aliungoja uondoke, haukuondoka. Basi akashuka nao, akamwambia muuzaji, "Jeupe."

Walirudi Newburg katika gari lisilo na sauti. "Linatembea kama paka," Florida akasema, akiwa amenyoosha miguu. Gaudiosi alilichomeka kwenye soketi, akaona taa ndogo inawaka, na kwa muda mfupi alifurahi kweli. Kisha akakumbuka vile viti saba vya Leopoldi, na furaha ikapungua nusu.

Saa kumi na mbili jioni mashine ya laini ilisema wako thelathini na mmoja. Mama alikuwa ametangaza.

"Mzee Pantaleo, naomba nafasi," akasema Gaudiosi. "Nimenunua gari. Ni jeupe, ni zuri kwa kazi yetu. Lakini halifiki Buffalo. Halifiki hata Columbus. Asubuhi nilisema kwa imani, na haikuwa imani. Ulikuwa wivu."

Mtu fulani alikohoa mbali na simu.

"Kaka," akasema Leopoldi, na kicheko kilikuwa kimemjaa kooni, "hilo linachajiwa kama simu? Sasa likiishiwa chaji pale Cincinnati, utagonga mlango wa nani? Utasema, shikamooni, naomba umeme?"

Watu wakacheka. Gaudiosi akashika ukingo wa meza.

"Utasukuma, kaka. Mama atakaa mbele na usukani, wewe nyuma."

"Leopoldi," akasema Mzee Pantaleo, "inatosha. Lakini na wewe Gaudiosi, neno la ushuhuda hapa halirudishwi. Unajua."

"Najua, mzee. Basi liandikwe kwamba nilimdanganya Mungu saa kumi na mbili asubuhi, na jioni nikamwambia kweli. Sina njia nyingine."

Mzee alifikiri kidogo, akasema atalipeleka jambo hilo kwenye maombi. Ndipo Mama Kornelia akazungumza, na vicheko vikanyamaza.

"Sanduku limeshafungwa, sitalifungua. Leopoldi, utakuja lini?"

"Jumamosi ijayo, Mama. Kabla ya theluji."

"Basi nitakuwa Columbus."

Gaudiosi alisikia maneno hayo kama mtu anayesikia mlango ukifungwa chumba cha pili. Florida aliweka mkono mgongoni mwake. Blanketi la zambarau lilikuwa limekunjwa kule chumbani. Lingelala hivyohivyo majira yote ya baridi. Alitaka kusema kwamba yeye ndiye mkubwa. Alitaka kusema habari za kuni, za maji, za baiskeli.

"Gaudiosi," Mama akaita. "Umenyamaza. Nakusikia unavyonyamaza, hata Mtabila ulikuwa unanyamaza hivyo. Mimi ni mzee. Sitaki kukaa kwa mwanangu mmoja huku mwingine ananikunjia moyo. Sema neno, watu hawa wakusikie."

Alisimama, ingawa hakuna aliyemwona isipokuwa Florida. Alitamani kuahidi kwamba hataona wivu tena, lakini siku hiyo alikuwa ameshasema uongo mmoja, na ulimtosha.

"Mama, na wewe Leopoldi, na ninyi nyote thelathini na mmoja," akasema. "Wivu ninao, hata sasa ninapozungumza. Siwezi kuahidi kuutoa, huo ninamwachia Mungu. Ninaloliweza ni hili, na ninaliahidi mbele yenu. Kila Jumapili baada ya ibada nitampigia mdogo wangu mwenyewe, bila kungoja anipigie. Nitamuuliza Mama ameamkaje. Kisha nitamuuliza gari lake lina hali gani, na nitamsikiliza mpaka amalize."