Mpaka Karibu na Goti

...mpaka karibu na goti, amesema goti, au Mwanahawa amesikia vibaya, maana alitoka Kibondo akijua ni kukata kidogo huku juu, kinenani, ngozi inavutwa, inashonwa, basi, kama fundi anavyopunguza gauni, lakini kidole cha Daktari Maximilla kinashuka ndani ya paja lake, kinashuka tu, kalamu ya kuchorea iko wazi mkono wa pili, "kovu litafifia, mama, lakini kufutika halifutiki," na Mwanahawa anaitikia eeh, eeh... makovu mawili marefu hivyo, yebaba we, na yeye alidhani magumu yamekwisha, miaka miwili ya kupunguza ugali na kuacha soda kwa ajili ya ugonjwa wa sukari, kilo hamsini na tano zimekwenda, na watu badala ya kumpongeza wakaanza kunong'ona mlangoni mwa duka lake, amekonda yule, ana nini yule, wasijue kwamba ngozi haikuondoka na mafuta, imebaki inaning'inia, inasuguana, inachubuka... "tutakuwekea mirija ya kutolea maji, siku chache, halafu nguo ya kubana wiki sita, na usichuchumae," asichuchumae, na choo cha nyumbani ni cha shimo, na kusujudu je, ataswalia kwenye kiti kama kikongwe, "na mshono wa kinenani huweza kuachia, pale pana jasho, hilo nalo ulijue," kuachia, Mungu wangu, nyama ya mtu kuachia, na Nurudini yupo palepale kwenye benchi anasikia yote, mumewe huyu ambaye mwaka mzima hajaonyeshwa paja, aliambiwa tu kwamba nguo hazimkai vizuri, ambaye siku hizi hulala ukingoni kabisa mwa kitanda, amegeukia ukuta, kinyaa hicho, nini kingine... "vidonda vilianza lini?" daktari anauliza, na Mwanahawa yuko tayari kusema hakuna vidonda, ni muwasho, lakini sauti inayojibu si yake, "mwaka jana, mwezi wa nane, daktari, paja la kushoto ndilo linamtesa, linatoa maji, likikauka linashika kitambaa," nani huyo anasema, "vile vitambaa anavyojifunga huwa anavianika chini ya khanga visionekane, mvua ikija navianua mimi," Nurudini, ni Nurudini, macho kayainamisha sakafuni, na vile vitambaa alivyokuwa akivikuta vimekunjwa juu ya pipa, yeye akadhani ni jirani yake Dorcas aliyevianua na kuijua siri yake, akamnunia Dorcas wa watu mpaka leo... "umewahi kumsaidia kuvifunga, baba?" "hapana, huyu mama Badru hataki nijue, ndiyo maana nalala ukingoni, nisije nikamgusa pabaya," ukingoni, amesema ukingoni, kwa ajili hiyo, si kinyaa, mwaka mzima alikuwa akiutazama ule mgongo wa mumewe na kuuchukia, akiupikia kimyakimya, akiujibu kwa mkato, na wenyewe umejibana kwenye ukuta kumpa yeye nafasi... "mama, umenielewa? nichore, au mkazungumze kwanza?" na kalamu bado iko hewani, na Mwanahawa anaitikia eeh, bila kujua ameitikia lipi, kisu amekisahau, anamnyooshea Nurudini mkono pale kwenye benchi, na Nurudini bado hajainua macho.