Isale Kwenye Sementi

Jumamosi mchana Mzee Filemon alikaa kwa Beatrice, ambaye Machame nzima humwita Mama Kindness, akamaliza kata yake ya mbege, pombe ya ndizi anayoipika mama huyo, akafuta mdomo.

"Kesho usije mezani kwa Bwana, Mama Kindness. Baraza letu la wazee wa kanisa limekataa tena."

"Hata kwa Jumapili hizi mbili tu? Ya tatu nitakuwa hospitali Moshi, mzee. Wananipasua shingo. Huenda nisirudi."

"Acha pombe kwanza."

"Naiacha kila Jumatatu. Ikifika Alhamisi lazima nionje kama imeiva, na kuonja kwangu hakuna mwisho."

Filemon akacheka, akasogeza kata aongezewe. Mama Kindness alimjazia.

"Kitendawili," akasema.

"Tega."

"Wageni wote mezani, mwenye njaa mlangoni."

Filemon alifikiri mpaka povu likashuka. "Nimeshindwa. Chukua mji. Haya, chukua Bomang'ombe."

Mama Kindness aliupokea mji, lakini jibu hakulitoa.

Kesho yake kanisani alipiga magoti kwenye benchi la nyuma, kichwa kikimgonga. "Baba, jana nimelewa tena," alisema. "Sina kizuri cha kukuletea. Nimekuja hivi hivi, na harufu yangu." Maneno hayo aliyasema kila siku, asubuhi akikata majani ya ng'ombe na jioni akimkamua, na hakuna hata siku moja aliyoyasema kwa mazoea.

Alipofumbua macho, sementi mbele ya magoti yake ilikuwa imepasuka na mmea wa isale limechipua, la kijani kabisa, jani la juu limefungwa fundo. Waliokaa karibu walisogeza miguu.

Huku mlimani, aliyekosa hufunga fundo jani la isale akampelekea aliyemkosea, naye anayepelekewa hakatai. Kila mtu kanisani alilijua hilo tangu utotoni. Basi Mama Kindness alilichuma lile jani, akasema, "Haya, nimesamehe," akalichomeka kwenye kitenge. Hakuuliza limetoka kwa nani.

Baada ya ibada baraza lilikaa. Mchungaji aliuliza kama si vizuri kumfikiria upya yule mama. Filemon akasema isale ni mambo ya mila na meza ni mambo ya kanisa, tusichanganye. Wakakubaliana kuufunika ule ufa kwa vigae. Fundi hakupatikana wiki ile.

Jumapili iliyofuata isale lilikuwa limemfikia Mama Kindness kifuani, na kila jani lina fundo lake. Ulipofika wakati wa Chakula cha Bwana, mstari ulipita ukilizunguka. Akina mama walishika magauni yasinase. Mama Kindness alichuma jani baada ya jani. "Nimesamehe. Na hili nimesamehe." Shingo ilikuwa imevimba, sauti ilitoka kidogo kidogo.

Koti la Filemon lilinasa. Alisimama akalinasua taratibu, jani lisichanike.

"Samahani," aliliambia isale, akaendelea mezani.

Mama Kindness alirudisha magoti nyuma kidogo, wanaofuata wapate njia.

"Baba," alisema, "nipo hapa."