Jicho Jeupe

Wanafunzi walimpa jina la Miwani, na likamganda kuliko lile alilopewa na wazazi. Alikuwa msimamizi wa maabara ya kemia katika chuo cha ualimu, mwanamke wa maneno machache. Hakuna aliyeupita mlango wake bila kuvaa miwani ya kinga, hata mkuu wa chuo alipokuja na wageni waliovaa suti.

Mdogo wake, yule aliyemwachia ziwa, alikuwa kinyume chake kabisa. Huyo aliitwa na kila mtu Kicheko. Alicheka sokoni, alicheka kanisani, na msibani ilibidi aketishwe nyuma. Duka la vitambaa alimokuwa akiuza lilipofungwa, Miwani ndiye aliyemsemea chuoni hadi akapata kibarua cha msaidizi wa maabara.

Akamfundisha kazi kwa subira. Dawa hainuswi kwa kubandika pua kwenye chupa. Unaupepea mvuke kwa kiganja, kidogo tu. Glavu iliyotoboka si glavu. Siku walipofika kwenye chupa ya kahawia ya amonia, Miwani aliiweka mezani taratibu kama anayelaza mtoto.

"Hii siku za joto iogope," alisema. "Unaona maji tu, lakini ndani kuna hewa kali iliyofungiwa kwa nguvu. Ikipata joto inatafuta pa kutokea. Ukifungua kwa pupa inakurukia usoni."

"Kumbe ni mama mkwe wangu huyu," Kicheko akasema.

Miwani alijikaza asicheke, akashindwa.

Siku ya mtihani wa vitendo kulikucha na joto la kuunguza. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Jokofu la kuhifadhia dawa stooni lilikuwa limezimika, na stoo yenyewe iliezekwa bati tupu, bila dari. Feni ya kunyonya mvuke nayo ilikuwa imelala. Miwani alipofungua bomba la sinki, lilikohoa mara mbili, likatema kutu, likanyamaza. Akajaribu la pili, na yote yaliyobaki. Makavu.

Wanafunzi walikuwa wameshaanza kupanga foleni nje. Miwani akavua koti lake jeupe.

"Nakwenda kwa mkuu wa chuo," alimwambia mdogo wake. "Ama tuletewe maji, ama mtihani uahirishwe. Mpaka nirudi, usifungue chupa yoyote. Umenisikia?"

"Nimesikia, dada."

Ofisini akaambiwa asubiri, mkuu alikuwa kwenye simu. Akasubiri amesimama.

Huku nyuma mkuu wa idara aliingia maabara. Hakuwa mtu mbaya. Alijulikana kwa kubeba wanafunzi wagonjwa kwa gari lake mwenyewe. Lakini asubuhi hiyo alikuwa amepigiwa simu mpaka sikio likamuuma, na alipoona meza ziko wazi alishika kichwa.

"Mbona hakuna kitu mezani? Watu wanaivia juani huko nje!"

"Dada kaniambia nimngoje. Maji hakuna."

"Dada yako anashughulikia hayo maji. Wewe pima amonia, uitie kwenye vichupa. Akirudi akute kazi imesogea."

Kicheko alisitasita. Alikuwa kibarua tu, na huyu alikuwa bosi wa dada yake. Akaitoa chupa stoo; ilikuwa ya moto mkononi. Akavaa glavu, akavaa miwani. Jasho likaitia ukungu, asiuone mstari wa kipimo. Akaipandisha kwenye paji la uso, kidogo tu, apate kuona. Kifuniko kilikuwa kimekaza. Akakizungusha kwa nguvu.

Ilitoa mlio wa soda iliyotikiswa, ikamrukia usoni.

Miwani alikutana na harufu kabla ya kusikia kelele. Ilimpiga puani akiwa bado ukumbini, harufu ya mkojo uliolala, kali kama wembe. Wanafunzi walikuwa wakikimbia wamejifunika pua kwa mashati. Mkuu wa idara alikuwa amepiga magoti mlangoni, anakohoa, hawezi kusema, anaonyesha ndani kwa kidole.

Alivuta pumzi akaizuia, akavaa miwani, akaingia.

Alimkuta Kicheko amejikunja chini ya sinki, macho ameyafumba, mkono mmoja umenyooka juu unalizungusha bomba. Analizungusha na kulizungusha, na halitoi kitu.

Akamkamata kwapani, akamburuta hadi barazani.

"Maji!" alipiga kelele. "Chupa zenu za kunywa, zote, leteni hapa!"

Zikaja, nyingine nusu, nyingine zimebaki funda moja. Miwani alimlaza mdogo wake chali, akamkalia juu ya mikono, akazipanua kope kwa vidole.

"Fungua!"

"Siwezi! Dada, unaniua!"

"Fungua macho, nasema!"

Kicheko alipiga mateke. Alimng'ata dada yake kifundo cha mkono mpaka damu ikatoka, na Miwani hakuachia. Mwanafunzi mmoja alimimina huku akilia. Chupa zikaisha. Mpishi wa chuo akaja mbio na ndoo, nusu imemwagika njiani. Nayo ikaisha. Yalitakiwa maji ya kutiririka bila kukatika, kwa muda mrefu wa kumchosha hata mwenye kushika. Yaliyopatikana yasingetosha kumwogesha mtoto mchanga.

Mkuu wa idara, huku bado anakohoa, aliwapeleka hospitali kwa gari lake.

Wauguzi walimwosha macho kwa dripu, chupa baada ya chupa. Kufikia jioni Kicheko alikuwa ametulia kitandani, uso umevimba. Mume wake akaja kutoka kazini. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mambo ya macho kuungua aliyajua kwa njia yake.

"Shemeji, njoo uone," alisema, amemwinamia mkewe. "Hili la kulia halijawa jekundu hata kidogo. Mimi cheche ikiniingia, jicho huwa nyanya. Afadhali, Mungu mkubwa."

"Hata maumivu yamepungua," Kicheko akasema. "La kulia ndiyo silisikii kabisa. Kesho kutwa niko nyumbani, mtaona."

Miwani akainama, akatazama. Jicho lilikuwa jeupe kama ute wa yai lililochemshwa.

Alijua. Amonia haichomi juu ikaishia hapo. Inaendelea kuzama ndani hata baada ya kuoshwa. Wekundu ni damu, na palipoungua mishipa hapana wekundu. Maumivu nayo yana mishipa yake, na hiyo ikifa mtu hujiona amepona.

"Haya," alisema. "Pumzika, mdogo wangu."

Akatoka ukumbini, akaegemeza paji la uso ukutani. Muuguzi aliyepita alidhani anasali.

Asubuhi daktari wa macho aliwaambia waziwazi. La kushoto huenda likaona kivuli na mwanga. La kulia wasilitegemee. Mama yao, aliyesafiri usiku kucha, hakulia. Alimgeukia binti yake mkubwa.

"Nilikukabidhi mwenzako akiwa mzima," alisema, na toka hapo hakumsemesha tena.

Wiki iliyofuata chuo kiliitisha kikao. Mkuu wa chuo alieleza kwa upole kwamba msaidizi hakuwa amevaa miwani ya kinga, na kwamba jambo hilo lilisikitisha sana.

"Alikuwa ameipandisha kichwani," Miwani akasema. "Ni kweli, semeni hivyo. Lakini semeni pia kwamba bomba lilikuwa kavu, feni haikuzunguka, na chupa ilikuwa imeiva kwenye stoo ya bati. Na kwamba nilikuwa nimesimama mlangoni kwako nikiomba maji."

Kisha mkuu wa idara, sauti ikiwa bado inakwaruza, akasema, "Mimi ndiye niliyemwambia afungue."

Wakapita kwenye jambo lingine. Baadaye likaletwa tangi kubwa jeusi, likawekwa uani nyuma ya maabara, na mpaka mvua zinaanza hakuna aliyekuja kuliunganisha. Mtihani ulifanyika kwa maji ya ndoo.

Miwani alikwenda kwa mdogo wake kila jioni kumtia dawa. Mama alikuwa amehamia pale. Akimwona Miwani anaingia, yeye anatoka kwenda uani. Na kila Miwani alipoligusa jicho, Kicheko alikaza mwili mzima na kushika ukingo wa kiti.

"Dada," alisema jioni moja, matone yakimtiririka shavuni. "Siku ile hospitali, niliposema maumivu yamepungua. Ulijua?"

Miwani alifunga kichupa cha dawa.

"Nilijua."

"Ukaniacha nifurahi."

"Sikuwa na mdomo wa kukuambia."

Nje mama alisikika akikung'uta mkeka kwa nguvu, bila kukoma.

"Usifanye hivyo tena," Kicheko akasema. "Sioni. Nikidanganywa na wewe, nitashika wapi? Leo daktari alikuita pembeni. Alisemaje?"

Miwani akavuta kigoda, akakaa karibu naye, magoti yakagusana.

"La kulia linatolewa. Limeanza kuoza, na wanaogopa lisiliambukize la kushoto."

Mkono wa Kicheko ulipanda usoni, ukalifunika lile jicho, ukabaki hapo. Mabega yalitikisika. Miwani hakujua kama analia. Macho yale yalikuwa yakitoa machozi mchana kutwa kwa sababu yoyote.

"Lini?"

"Jumatatu asubuhi."

"Basi nisindikize wewe," Kicheko akasema. "Mume wangu akiona damu anaanguka, halafu itabidi nimbebe."