Kuta za Tima

Abdulghafur Jeilani aliupita mlango wa nyumba anayolala tangu alipooa, akafika mpaka msikitini ndipo alipotambua kuwa ameupita. Akarudi nyuma. Siku zote mtu akiingia kichochoro kile hukutana na ukuta mrefu mkono wa kushoto, ukuta wa gofu, wenye kivuli kizito hata saa sita mchana. Leo jua lilikuwa limejaa kichochoroni mpaka chini. Ukuta haukuwapo.

Alisimama na kanzu yake imejaa vumbi jeupe la mawe ya kisiwa cha Manda alikotoka, akatazama. Palikuwa na kifusi na mchanga, na paka amelala mahali palipokuwa chumba cha ndani. Aliuona mgongo wa nyumba ya jirani, mgongo ambao hakuwahi kuuona maishani mwake, na nguo za jirani zimeanikwa. Akageuza macho kwa haya. Kisha akayarudisha, maana hakuamini.

Gofu lile ndilo lililokuwa liwe nyumba ya Tima, binti yake. Katika Amu, yaani mji wa Lamu, binti wa watu haolewi akapelekwa kwa mumewe. Mume ndiye ahamiaye, naye huhamia nyumba ambayo binti amepewa na wazee wake. Gofu lilitoka kwa mama wa Bi Saadiya, mkewe Abdulghafur, likamjia Bi Saadiya, na sasa ilikuwa zamu ya Tima. Dari zilikuwa zimeanguka zamani, lakini kuta zilikuwa nzima, nene, za watu wa kale. Boriti zilikuwa zimekwisha kununuliwa. Kilichobaki kilikuwa kupandisha dari na kupaka chokaa, na harusi iliwekwa baada ya Maulidi. Bila ya kuta zile hapakuwa na nyumba, na bila ya nyumba hapakuwa na harusi, si mwaka huu wala mwaka ujao.

Jambo lenyewe lilianza kwa furaha. Ilikuwa mwaka wa pili wa uhuru, na kila mji ulikuwa ukijenga kitu kwa harambee. Bwana Kariuki, D.O., yaani afisa wa wilaya, kijana kutoka bara, alikuwa mpenda mpira kupita kiasi. Aliita mkutano akasema Amu nayo ipate uwanja wa michezo wa kisasa, pale pale katikati ya mji, kwenye kile kiwanja wanapofungwa punda, wenye ukuta kuzunguka na jukwaa la kukalia watu. Serikali italeta saruji na mabati. Wananchi wapandishe kuta kabla mgeni mkubwa hajaja kutoka Mombasa kuufungua. Aliuliza nani anaunga mkono. Mikono iliyoinuka siku ile, hata Bwana Kariuki mwenyewe alishtuka. Wazee wasiowahi kuupiga mpira teke waliinua mikono. Naye Abdulghafur, mfanyabiashara wa kamba na samli, aliyekuwa akilia kwa mpira kama mtoto, akachaguliwa mwenyekiti.

Lakini Amu ni miji miwili ndani ya mmoja, Mkomani na Langoni, na hakuna jambo wasiloshindania, kuanzia ngoma mpaka mazishi. Upande mmoja ukaambiwa ujenge ukuta wa kaskazini, wa pili ujenge wa kusini. Langoni wakachangamka mwanzo. Wakabomoa magofu yao wakapanga mawe, huku wakiwaimbia Mkomani kuwa watakuja kutazama mpira wamekalia vichwa vya mama zao. Abdulghafur, mtu wa Mkomani, hakuweza kuvumilia. Alisimama katika baraza la pili, shingo imemtoka mishipa, akawauliza watu wake gofu linamfaa nini mtu zaidi ya kufuga popo. Akasema anayeona uchungu na gofu lake aje aanze na la mwenyekiti.

Watu walishangilia mpaka punda wakakata kamba. Kesho yake yeye akavuka kwenda Manda kusimamia uchimbaji wa mawe zaidi, akakaa huko siku kadhaa, na maneno yale akayasahau. Yalikuwa maneno ya barazani. Nani ashikaye maneno ya barazani?

Sasa aliingia ndani akamkuta Bi Saadiya amekaa kitandani, mikono mapajani, hafanyi kitu. Tima alikuwa juu, hakushuka kumwamkia. Abdulghafur akaanza kwa sauti kubwa. Alisema Langoni wamevuka mipaka, kwamba haya si mashindano tena bali ni wizi, na kwamba ataenda kwa D.O. sasa hivi, na kanzu hii hii.

"Si Langoni," alisema mkewe. "Ni watu wako. Na Barka alikuwa mbele."

Abdulghafur akakaa chini bila kutafuta kiti. Barka alikuwa mtoto wa ndugu yake. Barka ndiye aliyekuwa amuoe Tima.

Alimkuta Barka kiwanjani, juu ya ukuta wa kaskazini, mwiko mkononi na chokaa mpaka kwenye nyusi. Ukuta ulikuwa umefika kifuani mwa mtu. Abdulghafur aliyatambua mawe mara moja. Kulikuwa na moja lenye weusi wa moshi, lililokuwa kando ya jiko la mama mkwe wake. Barka akaruka chini akambusu mkono, anacheka.

"Ami, tumewapita Langoni. Wamenyamaza tangu jana kama wamemeza sufi."

Abdulghafur akamvuta kando akamuuliza kama ana akili timamu, mtu kwenda kubomoa nyumba ya mchumba wake mwenyewe. Kijana akaacha kucheka. Akasema wao hawakuiba. Walikwenda na matari mpaka mlangoni, wakabisha kwa adabu, na Bi Saadiya akaja nyuma ya pazia. Wakamweleza alivyosema mwenyekiti mbele ya mji mzima.

"Naye akasemaje?"

"Alinyamaza, Ami. Tukamuuliza mara ya pili, akanyamaza. Mzee mmoja akasema basi, ameridhia. Si ndivyo tuulizavyo siku zote? Mwanamke akinyamaza, si ameridhia?"

Ni kweli ndivyo waulizavyo. Ndivyo alivyoulizwa Bi Saadiya mwenyewe siku ya kuposwa, naye Abdulghafur alikuwa nje ya mlango moyo ukimdunda, akakisubiri kimya kile kama mtu asubirivyo maji.

"Na wewe hukujiuliza utalala wapi?"

"Nilijua una jambo, Ami. Watu wasema umetununulia nyumba yenye ghorofa. Nilisema mtu hawezi kutoa kuta za mwanawe hivi hivi."

Kabla hajajibu, Bwana Kariuki akawafikia, shati limelowa, mwenyewe amebeba mawe tangu asubuhi. Akamshika Abdulghafur mkono kwa mikono miwili, akawageukia watu akasema huyu ndiye mwananchi, huyu ametoa nyumba ya binti yake kwa ajili ya taifa. Matari yakalia. Watu wakamwinua juu, mwenyekiti na unene wake wote. Huko juu alikuwa na maneno mafupi kabisa ya kusema, kwamba anataka mawe yake. Aliyatafuta. Aliona nyuso za Mkomani zimemgeukia zote, zinameremeta kwa jasho na fahari, na upande wa pili Langoni wamekunja midomo. Akashushwa, akatabasamu, akaondoka.

Nyumbani mkewe alimuuliza swali moja tu, kama ameyataka mawe. Abdulghafur akaeleza kwa marefu. Alisema mji mzima unaunga mkono, hakuna hata mmoja aliyepinga, na mtu hawezi kuwa yeye peke yake anayebomoa kilichojengwa na watu wote. Alisema atafanya mpango mwingine, Mungu ni mkubwa. Bi Saadiya hakumjibu. Abdulghafur, kwa mara ya kwanza tangu kuoa, alikiogopa kimya cha mkewe, kwa kuwa hakujua tena maana yake.

Asubuhi, kazi ilipokuwa imepamba moto kiwanjani, matari yalinyamaza moja baada ya moja. Abdulghafur alikuwa akizungumza na waashi, akageuka kuona kuna nini. Mwanamke aliyejifunika buibui alikuwa akipita katikati ya wanaume, mchana kweupe, peke yake. Wake wa nyumba za mawe hawakutoka mchana. Walitoka usiku, wakienda kwa jamaa, na hata hapo watu waligeuka ukutani kuwapisha. Wanaume walirudi nyuma kama waliomwagiwa maji ya moto. Mmoja aliangusha karai la chokaa. Abdulghafur aliujua ule mwendo kabla hajataka kuujua.

Bi Saadiya alifika kwenye ukuta wa kaskazini, mahali ulipokuwa bado mfupi, akaketi juu yake. Akalikusanya buibui lake vizuri, kama mtu aliyeketi kwake.

Hapakuwa na wa kumgusa. Hapakuwa hata na wa kumkaribia. Bwana Kariuki akaja mbio, akauliza huyu mama ni nani na anataka nini. Akamwambia kwa upole, "Mama, hapa kuna kazi. Tafadhali shuka."

"Nimekuya kukaa kwangu," alisema Bi Saadiya. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini kiwanja kizima kiliisikia. "Mawe haya ni ya mamangu, na ni ya mwanangu. Hakuna aliyeyatoa."

Mzee mmoja, yule yule aliyekuwa mlangoni, akasema huku anatazama chini kwamba waliuliza, naye Bi akanyamaza.

"Anyamazaye akawa ameridhia ni mwari. Mimi mwari? Nina mtoto wa kuolewa. Mlinambia mume wangu amewapa nyumba ya mwanangu, ulimi ukanifa. Mkauita ulimi uliokufa ridhaa."

Bwana Kariuki aliwageukia watu. Alikuwa mtu mwema, na bado alidhani jambo hili ni la kupigiwa kura. Akauliza, wanaounga mkono uwanja waendelee kujengwa, mikono juu. Ule msitu wa mikono wa siku ya kwanza haukuonekana. Hata mmoja haukuinuka. Akashangaa, akauliza kwani hawautaki tena uwanja.

"Twautaka," alijibu mtu wa Langoni kutoka nyuma.

"Sasa?"

Yule mtu akakuna kichwa. Walikuwa wakitazama ardhi, Mkomani na Langoni sawasawa, na kwa mara ya kwanza hakuna upande uliomcheka mwenzake. Kisha macho yakaanza kuinuka, yakamwendea mwenyekiti.

Abdulghafur aliyahisi usoni. Alijua akisema neno lolote litakuwa neno jingine la barazani. Alikwenda mpaka kwenye ukuta, akakunja mikono ya kanzu, akatia vidole chini ya jiwe la mwisho la juu, ambalo chokaa yake ilikuwa bado mbichi. Likang'oka. Akalitia begani. Mtu wa Mkomani akatoa sauti kama aliyechomwa sindano. Barka alisimama na mwiko wake, akamtazama ami yake, kisha Bi Saadiya, kisha akautupa mwiko akashika jiwe lililofuata.

Wakapita katikati ya watu, mmoja nyuma ya mwenzake, wakaingia kichochoroni kwenye jua lile lisilozoeleka, wakayatua mawe yao mawili juu ya kifusi. Paka akahama. Yalionekana madogo sana pale.

Waliporudi kiwanjani, Bi Saadiya hakuwa ameinuka. Alisogea kidogo tu, ili mumewe apate nafasi ya kuchukua la pili.